Katalogi ya Vipuri: Historia ya Uimara na Ukarabati wa Direila za Kielektroniki

Direila ni kifaa kinachouhamisha mnyororo wa baiskeli kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine, ili mwendeshaji apate gia nyepesi anapopanda mlima na gia nzito anapokuwa tambarare. Direila ya nyuma, ambayo ndiyo hasa inayozungumziwa hapa, hufungwa chini ya ekseli ya gurudumu la nyuma, mahali panapopigwa na matope, vumbi na mawe kuliko pengine popote katika baiskeli, na baiskeli inapoangukia upande wa kulia yenyewe ndiyo hutangulia kugusa ardhi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini iliendeshwa na waya wa chuma uliovutwa kwa mkono; tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya viwanda vilianza kuitilia betri, kichakata, yaani kijibao kidogo cha elektroniki kinachopokea amri na kuitafsiri, na hatimaye mota. Hapo ndipo lilipozuka swali linaloulizwa hadi leo: direila ya umeme hudumu kuliko ya waya, na ikiharibika hutengenezwaje?

Swali hilo, jinsi linavyoulizwa, lina kasoro. Chuma cha direila ya kielektroniki huchakaa kama kilivyochakaa chuma cha direila ya waya: ekseli ndogo za maungio hulegea, vigurudumu vya kuongozea mnyororo huliwa meno, na kipande cha fremu kinachoishikilia hupinda. Kilichobadilika ni mamlaka ya kutangaza kwamba kifaa kimekufa, mamlaka ambayo zamani yalikuwa mikononi mwa fundi na ambayo kidogo kidogo yalihamia kiwandani. Badiliko hilo halionekani katika matangazo ya biashara. Linaonekana katika hati kavu ambayo wachache huisoma, nayo ni katalogi ya vipuri, kwa maana kipuri kisichoorodheshwa humo hakiuzwi, na kisichouzwa hakibadilishwi.

Urithi ambao direila ya kielektroniki iliukuta ulijengwa kwanza nchini Ufaransa. Mtetezi mashuhuri wa gia nyingi huko alikuwa Paul de Vivie wa mji wa Saint-Étienne, mhariri wa jarida la Le Cycliste aliyejulikana kwa jina la kalamu la Vélocio, ambaye mwanzoni mwa karne ya ishirini alitumia miaka mingi kuwathibitishia wasomaji wake, kwa safari ndefu za milimani, kwamba mtu mwenye gia kadhaa hufika mbali kuliko mwenye moja. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Henri Desgrange, mwasisi wa mashindano ya Tour de France, aliyeziona gia za kubadilisha kuwa ni za wazee na wadhaifu, na ambaye chini ya kanuni zake washindani wa kulipwa walilazimika kushuka, kuchomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie meno ya upande wa pili. Direila iliruhusiwa kwao mwaka 1937, baada ya Desgrange kumwachia Jacques Goddet usimamizi wa mashindano, na mwaka huohuo Roger Lapébie akashinda akiitumia. Hoja ya Desgrange ilihusu ushujaa, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo la kiufundi lililokuwa na uzito: gurudumu lenye meno ya pande mbili halikuwa na cha kuharibika.

Umbo lililoshinda na kudumu lilitoka Italia. Tullio Campagnolo, aliyefungua karakana yake mjini Vicenza mwaka 1933, alianza kuuza direila ya Gran Sport mwaka 1951, iliyojengwa kwa msambamba, yaani vipande vinne vilivyounganishwa kwa ekseli nne ndogo ili pande zinazokabiliana zibaki sambamba muda wote zinaposogea. Waya uliuvuta msambamba kuelekea upande mmoja, springi ikaurudisha upande mwingine, na skrubu mbili ndogo ziliweka mipaka ili mnyororo usiangukie kwenye spoku wala kwenye fremu. Mrithi wake maarufu, Nuovo Record ya mwaka 1967, ilikuwa ya alumini, na katalogi za kampuni hiyo ziliichora ikiwa imefumuliwa kipande kwa kipande, kila skrubu, springi na bushi ikiwa na namba yake ya kuagizia. Fundi mwenye bisibisi, spana na ufunguo wa pembe sita aliweza kuifungua yote juu ya meza, kuisafisha kwa mafuta ya taa, kubadilisha kilichoisha na kuirudisha barabarani kabla ya jioni. Ndiyo maana direila nyingi za aina hiyo zingali zikifanya kazi katika baiskeli za wakusanyaji zaidi ya nusu karne baadaye.

Hata hivyo, picha hiyo isipambwe kupita kiasi. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 kampuni ya Kifaransa ya Simplex, iliyoasisiwa na Lucien Juy wa Dijon, iliuza kwa wingi direila za Prestige zilizotengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo Delrin, ambazo zilikuwa nyepesi na za bei nafuu, zikafungwa katika baiskeli za watu wa kawaida, kisha zikapasuka kadiri miaka ilivyopita. Direila za chuma cha bei ya chini nazo hazikufunguliwa na mtu. Zilitupwa na kununuliwa nyingine. Kwa hiyo enzi ya ukarabati kamili ilikuwa enzi ya vifaa ghali, na direila ya kielektroniki, iliyozaliwa ghali, ilipaswa kulinganishwa na hivyo.

Sababu iliyowafanya wahandisi waufikirie umeme ilikuwa nyembamba kihalisi. Mwaka 1964 kampuni ya Kijapani ya SunTour iliuinamisha msambamba ili ufuate mteremko wa magurudumu ya meno, na mwaka 1984 Shimano ya Sakai ikatoa mfumo wa SIS, ambamo kila mbofyo wa kishikio cha gia ulivuta urefu maalumu wa waya, mwendeshaji asihitaji tena kuitafuta gia kwa sikio na kidole. Kuanzia hapo viwanda vilishindana kuongeza idadi ya magurudumu ya meno katika nafasi ileile. Yalipokuwa manane, umbali kutoka moja hadi la pili ulikuwa milimita 4.8, yalipokuwa tisa ukawa 4.35, kumi, 3.95, na kumi na moja, 3.74. Waya unaosuguana na ala yake, unaoingiwa na matope na kutanuka kidogo kila mwezi, ulizidi kubanwa na hesabu hiyo, kwa sababu kosa la nusu milimita ambalo direila ya mwaka 1967 isingelihisi liliweza sasa kuufanya mnyororo urukeruke kati ya gia mbili. Mota inayopima hatua zake yenyewe haina tatizo hilo, na waya wa shaba hautanuki kwa kuvutwa, kwani hakuna anayeuvuta.

Lakini jaribio la kwanza kufika katika mashindano makubwa halikuwa na mota ya kusogeza direila. Kampuni ya Kifaransa ya Mavic, iliyojulikana zaidi kwa rimu zake, iliingiza mfumo wake wa Zap katika Tour de France ya mwaka 1992 na kuanza kuuuza muda mfupi baadaye, na ubunifu wake unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ulikuwa werevu kuliko vingi vilivyofuata. Betri za wakati huo zilikuwa dhaifu na nzito, hivyo wahandisi waliamua kwamba umeme utoe amri tu, nguvu itoke kwingine. Direila ya Zap haikuwa na msambamba. Kichwa chake kilisogea ndani na nje juu ya fimbo, na kilichokisogeza ni mzunguko wa kigurudumu cha juu, kile kinachozungushwa na mnyororo wenyewe mwendeshaji anapopiga pedali. Kitufe kilipobonyezwa kwenye usukani, umeme ulipita katika solenoidi, yaani koili ya waya inayogeuka sumaku umeme unapopita, ambayo iliachia kijiti kidogo, nacho kikauruhusu mzunguko wa kigurudumu uisukume fimbo hatua moja. Miguu ya mwendeshaji ndiyo iliyobadilisha gia. Betri ilikuwa kama tarishi aliyepeleka ujumbe.

Uzuri wa wazo hilo ndio uliokuwa udhaifu wake katika uimara. Mashine iliyounganisha meno madogo, vijiti na sumaku, ikategemea viungio vya umeme vilivyokuwa wazi kwa mvua, iliwekwa mahali pachafu kuliko pote katika baiskeli. Zap ilipata sifa mbaya ya kususia kazi siku za mvua, na ilipogoma, fundi aliyejua kila siri ya msambamba alijikuta hana pa kuanzia, kwani tatizo halikuonekana kwa jicho wala halikusikika. Ukarabati wake ulihitaji kipima umeme na kipuri kutoka Ufaransa, na cha pili hakikupatikana kwa urahisi. SunTour ya Japani nayo ilijaribu katika miaka hiyohiyo mfumo wa umeme uliotokana na ubunifu wa Browning wa Marekani, lakini kampuni yenyewe ilianguka kabla mfumo haujapata mizizi, na pamoja nayo ikaanguka ahadi ya vipuri.

Mwaka 1999 Mavic ilirudi na Mektronic, iliyohifadhi kanuni ya kuazima nguvu ya mnyororo lakini ikaondoa waya kabisa: amri ilisafiri kwa mawimbi ya redio kutoka kwenye usukani hadi kwenye direila. Kwa mtazamo wa leo ilikuwa miaka zaidi ya kumi na mitano mbele ya wakati wake. Haikudumu sokoni zaidi ya miaka michache, na historia yake ya ukarabati ni fupi vilevile, kwa sababu kiwanda kilipoacha kuitengeneza, katalogi yake ilifungwa. Direila ya Gran Sport ingeweza kupata ekseli iliyochongwa upya na fundi wa mtaani. Kijibao cha elektroniki cha Mektronic hakikuchongeka.

Kilichofuata ni ukimya wa karibu muongo mmoja, ingawa haukuwa uvivu. Campagnolo iliyaanza majaribio yake mapema katika miaka ya 1990, ikaendelea kuyafanyia kazi kwa karibu miaka ishirini, huku vielelezo vyake vikionekana mara kwa mara chini ya washindani wa kulipwa, kisha ikauza mfumo wa EPS kuanzia mwaka 2011. Katika muda huo betri za lithiamu, zilizokomazwa na simu za mkononi, zilizidi kuwa nyepesi na zenye nguvu, na mota ndogo zikawa bora. Shimano ilitangaza mfumo wake wa Dura-Ace Di2, wenye namba ya kiwanda 7970, mwaka 2008, na msimu wa 2009 ukashuhudia timu za kulipwa zikiutumia. Hapa msambamba ulirudi, safari hii ukisukumwa na mota halisi kupitia meno ya kupunguza kasi, na betri ya volti 7.4 ilifungwa nje ya fremu, ikichajiwa mara moja baada ya wiki nyingi za matumizi.

Mafundi waliotarajia balaa la pili la Zap walishangazwa na utulivu wa mfumo huo. Waya wa chuma uliokuwa ukikatika, kushika kutu na kuhitaji kukazwa kila mara ulikuwa umeondoka, na kazi ya kawaida kuliko zote katika karakana za baiskeli, ile ya kurekebisha mvuto wa waya, ilitoweka nao. Tatizo la mota lilikuwa jingine. Msambamba wa springi ukigongwa na jiwe hukubali kusukumwa kisha hurudi, lakini msambamba ulioshikwa na meno ya mota haukubali, na pigo ambalo springi ingelimeza huishia kuvunja meno ya ndani. Shimano ililijibu hilo kwa kiungio cha kujiachia: direila ikipigwa kwa nguvu, mota hutengana na msambamba, gia hukwama, na mwendeshaji huirudisha katika hali yake kwa kushikilia kitufe kwenye kisanduku cha viungio hadi taa nyekundu iwake, kisha kupiga pedali wakati direila inajitafuta upya. Campagnolo iliupa mpango wake wa namna hiyo jina linalomaanisha safari ya kurudi nyumbani, ambapo direila ingeweza kutengwa na mota na kusogezwa kwa mkono hadi gia ya kufikia nyumbani ikiwa betri imekwisha au ajali imetokea. Ni vigumu kutoona kwamba katika vifaa vyote viwili wahandisi walikuwa wakiurudisha kwa mlango wa nyuma ule ulegevu ambao springi iliutoa bure.

Adui wa pili alikuwa maji, yuleyule aliyeiangusha Zap. Kipimo kilichotumiwa kumkabili kilikuwa cha kimataifa: alama ya IP, ambamo tarakimu ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vumbi na ya pili kinga dhidi ya maji. Campagnolo iliitangaza EPS kuwa na kiwango cha IP67, maana yake vumbi haliingii kabisa na kifaa hustahimili kuzamishwa majini kwa kina cha mita moja kwa nusu saa. Kiwango hicho kilipatikana kwa kuziba. Mota, kijibao na meno vilifungiwa katika ganda lisilokusudiwa kufunguliwa tena, kwani kila skrubu ya kufungulia ni njia ya maji, na hapo ndipo ulipo mkataba mgumu wa teknolojia hii yote: kilekile kinachoifanya direila ya kielektroniki idumu ndicho kinachomzuia fundi kuitengeneza. Katalogi za Shimano zinaliandika jambo hilo bila maelezo. Mchoro wa direila ya Di2 huonyesha vigurudumu, bamba za kuvishikilia na bolti ya kufungia, kila kimoja na namba yake, kama zilivyofanya katalogi za Vicenza. Lakini kiwiliwili chenye mota huonyeshwa kizima, hakina namba za ndani.

Tukio lililoathiri zaidi umri wa direila za mwanzo, hata hivyo, halikuhusu jiwe wala mvua. Mwaka 2011 Shimano ilitoa Di2 ya daraja la pili, Ultegra 6770, ambayo waya zake zilikuwa na nyuzi mbili tu zilizobeba umeme na taarifa kwa pamoja, mfumo ulioitwa E-Tube. Ulikuwa bora kwa kila kipimo: waya zilichomekwa na kuchomolewa kwa kijiti kidogo cha plastiki, ambacho kilikuwa karibu zana pekee mpya fundi aliyohitaji kununua, na programu ya ndani ya direila iliweza kusasishwa kwa kompyuta. Lakini Dura-Ace 7970, iliyokuwa na umri wa miaka miwili hivi, ilitumia mpangilio wa nyuzi tofauti, na kifaa kimoja hakikuelewana na kingine. Dura-Ace iliyofuata, 9070 ya gia kumi na moja, ilifuata njia ya E-Tube. Kwa hiyo mwenye 7970 aliyevunja direila yake alihitaji 7970 nyingine, na zilipokwisha madukani, alihitaji ya mtu mwingine. Direila hizo hazikuchakaa haraka. Nyingi bado zinafanya kazi. Kilichokwisha ni ujamaa wao na vifaa vingine, na hakuna fundi, hata awe hodari kiasi gani, anayeweza kukichonga hicho kwa tupa.

Kazi ya karakana nayo ilibadilika sura. Fundi wa zamani alitazama, akasikiliza, akagusa. Fundi wa Di2 alijifunza kupima kwa kubadilishana, yaani kuchukua betri inayojulikana kuwa nzima, kisha waya, kisha kishikio, kukiweka kimoja baada ya kingine mahali pa kile kinachoshukiwa, hadi mfumo uamke. Kompyuta iliyounganishwa ilimwonyesha vifaa vinavyoitika na kisichoitika. Lakini makosa mengi yaliyoletwa karakanani kama makosa ya umeme hayakuwa ya umeme. Sikio la fremu, kile kipande cha alumini laini kinachobeba direila na kilichokusudiwa kupinda kabla fremu haijapinda, likipinda milimita chache humfanya mwendeshaji ailaumu mota, ilhali mota inasimama pale pale ilipoagizwa na ni sikio lililouhamisha ulimwengu chini yake. Betri zilizochoka na viungio ambavyo havikusukumwa hadi mwisho vilifuatia. Katika mambo haya ujuzi wa fundi wa waya haukupotea hata kidogo. Kipimo cha kunyooshea sikio ni kilekile.

Uhusiano wa historia hii na Afrika ya Mashariki ulipitia mashindano zaidi kuliko barabara za kila siku. Baiskeli iliyobeba uchumi wa vijiji vya ukanda huu, Phoenix ya China na jamaa zake, ina gurudumu moja la meno nyuma na haina direila ya aina yoyote, na fundi baiskeli wa chini ya mwembe ameipenda kwa sababu ileile iliyokuwa nyuma ya hoja ya Desgrange: haina mengi ya kuharibika. Lakini Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa mwanzoni na David Kinjah huko Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017 akiwa na timu iliyotumia Di2, na mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, yalizileta direila za kielektroniki kwa mamia katika vilima vya Kigali. Katika mashindano ya namna hiyo ukarabati una maana tofauti kabisa: gari la timu hubeba baiskeli nzima za akiba juu ya paa, na direila iliyogoma haitengenezwi, huachwa na kutazamwa jioni hotelini.

Kampuni ya Kimarekani ya SRAM iliukata waya moja kwa moja mwaka 2015 ilipotangaza Red eTap, ambayo kila direila ilikuwa na mota, redio na betri yake yenyewe inayochomoka kwa kidole. Kwa uimara hilo lilikuwa na sura mbili. Viungio vya waya, vilivyokuwa mlango mkuu wa maji, viliondoka, na betri ya direila ya mbele ilifanana kabisa na ya nyuma, hivyo mwendeshaji aliyeishiwa nguvu njiani alizibadilishana na kuendelea na safari kwa gia za nyuma pekee, ukarabati mdogo ambao hauhitaji zana na ambao umewaokoa wengi. Kwa upande wa pili, vitu vyote vya thamani vilikusanywa mahali pa hatari. Katika Di2 ya waya, jiwe lililovunja direila liliacha betri salama kwenye fremu. Katika eTap, jiwe lilikutana na mashine nzima. Shimano yenyewe ilisogea upande huo mwaka 2021 kwa mfululizo wa R9200 wa gia kumi na mbili, ambao vishikio vyake vilizungumza kwa redio na direila yake ya nyuma ikawa na kipokeaji, kitufe cha marekebisho na tundu la kuchajia. Waya zake zilizobaki zilikuwa nyembamba kuliko za zamani na hazikuingia katika matundu ya awali bila adapta, jambo ambalo wamiliki wa 7970 hawakulishangaa.

Mabadiliko ya kuvutia zaidi katika historia ya ukarabati wenyewe yalikuja Machi 2023 kutoka upande wa baiskeli za milimani, ambako direila huvunjwa na miamba mara nyingi kuliko zinavyochakaa. Mfumo wa SRAM uitwao Transmission uliondoa sikio la fremu: direila ilibanwa moja kwa moja juu ya ekseli, pande zote mbili za fremu, kwa namna iliyowezekana kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa imeanza tangu mwaka 2019 kuwashawishi watengenezaji wa fremu wakubali umbo moja la sikio. Skrubu za mipaka, zilizokuwapo tangu Gran Sport, zilitoweka nazo. Katika maonyesho ya uzinduzi watu walisimama kwa miguu juu ya direila iliyofungwa, na haikupinda. Lakini jambo la maana zaidi lilikuwa katika orodha ya vipuri, kwa sababu kipande cha nje cha msambamba, kile kinachokwaruzwa na miamba, kiliorodheshwa peke yake pamoja na bamba lake la kinga, na vivyo hivyo kizimba cha vigurudumu viwili. Mwendeshaji aliyekivunja hakulazimika kununua mota mpya. Alinunua kipande, akakifunga mwenyewe. Katika matoleo ya juu kigurudumu cha chini kilijengwa kwa sehemu mbili, meno ya nje yakiendelea kuzunguka hata kijiti cha mti kikinasa katikati. Hapo direila ya umeme ilichorwa ikiwa imefumuliwa kwa namna ambayo fundi wa mwaka 1967 angeitambua, isipokuwa katikati yake, ambako mota na meno vilibaki ndani ya ganda lililozibwa.

Mwaka uliofuata ulileta kasoro ambayo haikuwa na kipuri. Agosti 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern na Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba amri za redio za Di2 isiyo na waya ziliweza kunaswa na kurudiwa na mtu aliye umbali wa hadi mita kumi, hivyo kumfanya mwendeshaji abadilishiwe gia na mtu asiyemwona. Shimano iliandaa programu mpya ya ndani, ikaipeleka kwanza kwa timu za kulipwa kisha kwa watumiaji wa kawaida kupitia simu zao, na direila zikatengenezwa zikiwa zimeegeshwa ukutani, bila kuguswa na bisibisi. Dura-Ace 7970 haikuhusika. Haina redio ya kunaswa, wala haina njia ya kupokea programu mpya, na waliokuwa bado wanaitumia waliendelea kutafuta vipuri vyake kwa waliokwisha kuiacha.